Mwaka Niliokwenda Kunasa Kaa na Mwanaidi

Habari ya kifo cha Mwanaidi ilinikuta nimesimama kwenye foleni ya benki, pale Posta, asubuhi ya Jumatano. Ujumbe ulitoka kwa namba nisiyoijua: "Shikamoo. Mama yetu Mwanaidi hatunaye tangu jana. Alituambia siku hii ikifika tukutafute wewe. Msiba uko Magomeni." Nilitoka kwenye foleni nikakaa kwenye ngazi za nje. Mlinzi akanijia. "Vipi mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimefiwa. Akasema pole, akaniacha nikae. Jambo lililonishangaza ni kwamba hisia ya kwanza haikuwa huzuni. Ilikuwa hofu, hofu ileile ya miaka zaidi ya thelathini iliyopita, iliyokuja ikanikalia kifuani kana kwamba haijawahi kuondoka. Mimi na Mwanaidi tuliishi jiji moja miaka yote hiyo, yeye Magomeni mimi Tabata, na sikwenda kumwona hata mara moja. Watu wanaonijua wanadhani mimi ni mtu wa kushikilia urafiki. Kwa huyu nilikimbia.

Ya nyumbani kwetu na ya shule nayaacha. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule niliotimiza miaka ishirini na mbili, nilipokuwa nauza katika duka la vyombo la Mama Shirima, Mchaga mmoja wa Kariakoo aliyekuwa mkali kwa wateja na mpole kwetu wafanyakazi. Nilipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ya Bi Kidawa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha futi tatu, ndoo mbili, na dirisha lenye nondo lililotazama ukuta wa jirani. Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Zilikomea kidogo tu kupita milango, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Kwa hiyo hewa ilikuwa ya wote, harufu ya vitunguu ilikuwa ya wote, na maneno yalikuwa ya wote. Nilijua nani anakoroma, nani anasali alfajiri, nani ana kikohozi. Na katika chumba cha pili kutoka changu, upande wa kushoto, waliishi Mwanaidi na mumewe Seif.

Seif alikuwa fundi saa. Alikuwa na kimeza chake chenye kioo kwenye baraza la duka moja karibu na Msimbazi, na mtaa mzima ulimsifu: mtanashati, shati limenyooshwa, sauti ya chini, hajui kutukana. Akinikuta koridoni alikuwa akinipisha. "Za kazi, shemeji?" Mimi nilimwita shemeji kwa sababu Mwanaidi alikwisha kuniambia, siku ya pili tu tangu nihamie, "Mimi dada yako. Ukikosa chumvi usigonge, ingia." Alikuwa na kama miaka thelathini, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekulia majini, na akicheka alifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Wiki mbili nilidhani nimepata majirani wema kuliko wote Kariakoo. Kisha jioni moja, nikiwa nachambua mchele kitandani, nikasikia sauti ya Seif juu ya ukuta, taratibu kabisa kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: "Sema tena. Ulitoka saa ngapi?" Mwanaidi akasema saa tisa. "Kutoka hapa mpaka sokoni ni dakika ngapi?" Akasema saba. "Na kurudi?" Saba. "Umesema umenunua nazi tu. Sasa hizi dakika nyingine zilikuwa za nani?" Halafu nikasikia kishindo, kizito, kama gunia linaloangushwa sakafuni, na pumzi ya mtu anayejizuia asilie. Sauti ya Seif haikupanda hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayepayuka unajua amefika wapi na atarudi wapi. Huyu hukujua.

Kesho yake Mwanaidi alikuwa uani anapepea jiko, jicho la kulia limevimba. "Nimejigonga kwenye kabati," akasema kabla sijauliza. Chumba chao hakikuwa na kabati. Nilimfuata Bi Kidawa aliyekuwa kibarazani kwake anasuka ukili, nikamweleza nilichosikia. Hakuinua macho. "Mwanangu, hata mimi nina masikio. Wakigombana wewe shika jembe ukalime." Nikaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe alinisikiliza vizuri, akanikaribisha chai, halafu akatazama saa yake mkononi na kusema Seif ndiye aliyeitengeneza, na kwamba kijana mstaarabu kama yule hawezi. Nilirudi nimenyong'onyea, na nilipopita baraza lile karibu na Msimbazi Seif aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake akanitazama, lenzi ikiwa bado imebanwa kwenye jicho lake moja. Sikujua kama ameambiwa. Tangu siku hiyo nilijifunza kukanyaga koridoni bila kupiga kelele.

Kitu kimoja Seif alimruhusu mkewe: kaa. Alipenda kaa wa nazi kuliko nyama, na Mwanaidi alijua kuwanasa tangu utoto. Ng'ambo ya Magogoni, ukishuka pantoni ukatembea kama nusu saa ukiufuata mkono wa bahari unaoingia ndani, kulikuwa na gati la mbao la kampuni iliyokuwa imekufa zamani. Mjomba wake Mwanaidi alikuwa mlinzi wa eneo lile, akilinda mabati na kutu. Jumapili, Mama Shirima akienda kanisani na duka likiwa limefungwa, Mwanaidi akaanza kunichukua. Hatukwenda kuuza. Tulikwenda kwa raha tu, na kitoweo cha siku. Tulipita soko la samaki la Feri kuomba vichwa vya samaki vya chambo, tukavifunga kwenye gazeti, tukavuka. Mitego ilihifadhiwa kwenye kibanda cha mjomba: mduara mdogo wa nondo na mwingine mkubwa, imeunganishwa kwa wavu mkuukuu, kamba ndefu juu. Unafunga kichwa cha samaki katikati, unaushusha mpaka chini, unalala bapa kama sahani, kaa anaingia kula. Kazi yote iko kwenye kuvuta. "Ukisita, ameshuka zake," aliniambia. "Vuta kama mtu aliyeghairi kukopesha." Nami nikacheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa.

Gati lenyewe lilikuwa bovu. Mbao nyingine zilikuwa zimeoza hadi unaona maji ya kijani yakipita chini yake, na nguzo zilikuwa zimejaa chaza wenye makali kama wembe. Mwanaidi alinishika mkono siku ya kwanza akanionyesha. "Kanyaga penye misumari, mdogo wangu. Chini ya msumari pana boriti. Na ule ubao mweusi karibu na nguzo ya mwisho usiuguse kabisa, ni unga ule." Yeye alitembea juu yake kama anatembea ukumbini. Kuhesabu muda wa kungoja hakutumia saa. Alisoma Yasini moja kwa sauti ya chini, na akimaliza tunavuta. Wavu ulipanda ukimwaga maji, na ndani yake kaa wa rangi ya tope, magando yamefunguka, akitutazama kwa vijicho vyake vya vijiti. Mwanaidi alimkanyaga mgongoni kidogo kwa kandambili, akampinda magando na kumfunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Jike mwenye mayai alimrudisha. "Nenda ukazae." Pale kwenye gati alikuwa mtu mwingine: alipayuka, aliimba, alinisimulia habari za wanaume waliotaka kumwoa. Lakini jua likianza tu kuinamia upande wa pili, nilimwona uso wake unabadilika. Tulitakiwa tuwe tumefika nyumbani saa kumi. Si saa kumi na dakika tano.

Niliwahi kumwuliza kwa nini haondoki. Alikuwa anafunga kaa, hakuacha kufunga. "Niende wapi, Dafro? Kwa mjomba wana vyumba viwili, watu tisa. Na yeye ameniambia nikiondoka atanifuata. Ananiambia vizuri tu, tukiwa tunakula." Akakaza fundo. "Nikimwogopa nikiwa naye, najua yuko wapi. Nikimwogopa nikiwa mbali, sitojua." Hata leo, nikiwasikia vijana wakisema mwanamke anayepigwa si aondoke, huwa nakumbuka sentensi ile na kunyamaza.

Jumapili moja pantoni iliharibika. Tulisimama upande wa Kigamboni tukiutazama mji ulio mbele ya macho yetu, Mwanaidi akiwa ameshika ndoo ya kaa kwa mikono miwili, midomo imekauka. Tulifika nyumbani magharibi inaadhiniwa. Seif alikuwa koridoni kwenye kiti, amevaa shati jeupe. "Pole na safari, shemeji," akaniambia mimi. Nikaanza kueleza habari ya pantoni. Akatikisa kichwa kwa upole, "Naelewa, naelewa," akamfungulia mkewe mlango. Yaliyofuata niliyasikia yote. Nilijilaza kitandani nikajifunika khanga kichwani, nikajaza ncha zake masikioni, na bado niliyasikia. Vyumba sita, watu zaidi ya kumi, na hakuna aliyekohoa. Asubuhi Mwanaidi alikuwa na kifundo cha mkono kilichovimba kama andazi, na akaniambia akitazama chini kwamba ana mimba ya miezi mitatu, na kwamba mumewe ameamua Jumapili ijayo ataenda nasi. "Anataka kuona ni kitu gani kinachotuchelewesha."

Alikuja na viatu vya ngozi. Njiani alitembea katikati yetu akitazama saa, akisema kila tulipofika pametuchukua dakika ngapi. Kwenye gati Mwanaidi alibaki upande wa nchi kavu, anakata chambo kwa mkono wake mzima, na mimi nilikuwa mbele karibu na nguzo ya mwisho, nimetoka kuvuta mtego, kamba yake ndefu nimeikunja mkononi. Maji yalikuwa yanapwa, yakitoka kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Seif akaja taratibu juu ya mbao, mikono nyuma. "Kwa hiyo hapa ndipo mnaposhinda." Nikaona mguu wake unapoelekea. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja, "angalia," na neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Sikulisema. Ubao mweusi haukuvunjika kwa kishindo. Ulisagika tu, kama biskuti kwenye chai, na mtu mzima akapotea mbele yangu.

Nilichungulia. Alikuwa ameibuka, amekumbatia nguzo, maji yanamvuta miguu, chaza wanamchana viganja na kifua. Hakujua kuogelea. Aliniona. "Dafroza," akasema. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ileile ya juu ya ukuta. "Kamba." Nami nilikuwa nayo mkononi. Miaka mingi nimewaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba nilishikwa na bumbuwazi. Si kweli. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilimtazama, nikaitazama kamba, na niliwaza jambo moja tu: kwamba jioni ile chumba cha pili kingekuwa kimya. Mkono wake mmoja ukateleza. Akaurudisha. Hakuniita tena; alinitazama tu, na nikaona anaelewa. Ndipo nikasikia hatua za Mwanaidi nyuma yangu, akiruka juu ya misumari bila kutazama chini. Alininyang'anya kamba, akajitupa kifudifudi juu ya mimba yake, akairusha. "Shika! Seif, shika! Dafro, unangoja nini, vuta!" Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu kuliko yeyote, Mungu anajua, lakini nilivuta baada ya kuambiwa.

Kwenye pantoni ya kurudi aliketi ananitazama, viganja vimefungwa kwa khanga ya mkewe. Na kuanzia siku hiyo hofu yangu ikawa na jina na sura. Nilisogeza ndoo zote mbili mlangoni kabla ya kulala. Nilingoja aniseme kwa Mama Shirima, kwa mjumbe, kwa polisi. Hakusema kwa mtu. Badala yake alianza kuniletea chakula. Alikuwa akigonga jioni, sahani imefunikwa na kawa, wali na kaa wa nazi, tui zito la manjano, ndimu pembeni. "Dada yako kakupikia." Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga mlango, nikaitazama sahani ile mpaka ikapoa. Sikuweza. Nilikifunga chakula kwenye gazeti nikaenda kukitupa jalalani. Siku ya tatu Mwanaidi aliona gando zima zima, halijavunjwa, likichungulia kutoka kwenye gazeti. Aliniangalia kwa uso wa mtu aliyetukanwa nyumbani kwake, na nikashindwa kumweleza kwamba sikumwogopa yeye, maana ningelazimika kueleza kwa nini mumewe ana haki ya kuniua.

Kisha ikaja alasiri ya Jumamosi moja. Nilirudi mapema dukani, nyumba ilikuwa kama tupu, Bi Kidawa amekwenda kwenye arusi. Nimekaa tu kitandani, nikasikia: "Sema tena. Ulikuwa unaongea na nani?" Sauti ya chini, taratibu. Nilijua kishindo kinakuja, nikajua tumbo la Mwanaidi sasa linaonekana. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilisimama juu ya kitanda, mdomo wangu ukakaribia pale ukuta unapokomea, nikasema, "Dada Mwana. Nipo." Basi. Sauti ilitoka nyembamba, ya kitoto. Nikangoja kishindo. Hakikuja. Baada ya muda nikasikia kiti kikisogezwa, na mlango wao ukafunguliwa, na hatua zikaja mpaka mlangoni kwangu.

Nilifungua kwa sababu niliona kutofungua kungekuwa kubaya zaidi. Seif alisimama koridoni, umbali wa hatua moja, viganja vyake vina makovu mapya. "Siku ile uliniangalia," akasema. Nikasema ndiyo. "Asingekuja mke wangu, ungeniacha?" Ningeweza kusema hapana, shemeji, nilichanganyikiwa. Jibu hilo nilikuwa nimeliandaa wiki kadhaa. Lakini nilipofungua mdomo lilitoka jingine. "Sijui, shemeji." Akanitazama, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: akarudi nyuma nusu hatua. Yule mtu aliniogopa. Ningependa kusema nilifurahi. Nilifunga mlango nikatapika kwenye ndoo. Kumwogopa mtu nilikuwa nimekwisha kuzoea. Kuogopwa, tena kwa haki, sikujua nikuweke wapi.

Hawakukaa sana. Kabla mwaka haujaisha Seif alipata nyumba Magomeni, wakahama na mkokoteni mmoja. Mwanaidi alinikumbatia uani, tumbo lake kati yetu, akasema, "Uje kuniona." Nikasema nitakuja. Sikwenda. Nilijiambia kazi, kisha nilijiambia ndoa, kisha watoto. Ukweli ni kwamba niliogopa kufika nikakuta jicho limevimba na kujua kuwa huko hakuna mimi ukutani, na niliogopa zaidi kukutana na macho ya yule mwanamume. Niliishi miaka yote bila kujua kama aliendelea kumpiga.

Ijumaa nilikwenda msibani. Nilivua viatu, nikaingia kwa wanawake, nikakaa mkekani karibu na mlango kama mtu asiyestahili kuingia ndani zaidi. Baada ya dua, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, akaja kupiga magoti mbele yangu. "Shikamoo. Mimi Salma, mtoto wake wa kwanza. Wewe ndiye Mama Dafroza?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndimi. Akaniangalia juu mpaka chini, na katikati ya machozi yake akaanza kutabasamu, akifunika mdomo kwa ncha ya khanga. "Samahani, mama, usinielewe vibaya. Mimi na wadogo zangu tulidhani wewe ni askari. Mkubwa wa polisi kabisa." Nikauliza kwa nini. "Baba, Mungu amrehemu, alikufa sisi bado wadogo. Alikuwa mtu wa kimya. Lakini kuna siku alikuwa anaanza kumwuliza mama maswali, ulikuwa wapi, saa ngapi, kwa sauti ya chini hivi, na sisi tunajua hali imechafuka. Mama alikuwa hapayuki wala halii. Alikuwa anasema tu, 'Seif, nitamwita Dafroza.' Basi. Baba anainuka anatoka nje. Kila mara."

Mwanamke aliyekuwa anagawa chai akatupita, akatuwekea vikombe viwili, hatukuvigusa. Salma akanisogelea, akapunguza sauti ili wengine wasisikie. "Nimekuwa nikitaka kukuuliza maisha yangu yote, mama. Ulimfanya nini baba yangu?"

Nikamshika mkono. Nikamwambia akae vizuri, maana ni habari ndefu, na kwamba nikimaliza ana ruhusa ya kunichukia. Kisha nikaanza kumweleza, kama nilivyoeleza hapa, bila kuruka mahali niliposimama na kamba mkononi.